Ahmad bin Musa: Taa alizozitengeneza na vitabu alivyoshiriki kuvipora

Katika semina na makongamano yetu huwa haikosekani ile orodha ya wanasayansi wa Kiislamu. Huyu aligundua hiki, yule alivumbua kile, na ukumbi mzima unaitikia takbir. Orodha yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya kweli na si vibaya kuisoma, lakini imekuwa kama uradi. Muulize msomaji wake, huyo uliyemtaja chombo chake kilifanyaje kazi? Utamwona anakohoa. Wiki hii, ndugu msomaji, nimechukua jina moja tu katika orodha hiyo ili tumtazame kwa utulivu, kazi yake na mwenendo wake, pamoja na mambo ambayo kwenye makongamano hatuyasemi.

Naye ni Ahmad bin Musa bin Shakir wa Baghdad, wa karne ya tatu Hijria, yaani karne ya tisa Miladia. Alikuwa wa kati katika ndugu watatu wanaojulikana kwa pamoja kama Banu Musa, yaani wana wa Musa. Mkubwa wao alikuwa Muhammad na mdogo Al-Hasan.

Baba yao ni kisa peke yake. Waandishi wa tarikh, akiwemo Ibn al-Qifti, wanasimulia kuwa Musa bin Shakir katika ujana wake alikuwa mnyang'anyi wa njiani huko Khurasan. Alikuwa akiswali Isha msikitini pamoja na majirani zake, kisha anatoka usiku na farasi wake aliyemfunga vitambaa vyeupe miguuni ili wanaomwona gizani wadhani ni farasi mwenye miguu myeupe. Anapora, anarudi, na Alfajiri yumo msikitini. Alipotuhumiwa, majirani walimtolea ushahidi kwamba wamemwona kwenye swala zote mbili. Baadaye alitubia, akajifunza elimu ya nyota na akawa mtu wa karibu wa Al-Maamun, mwana wa Harun Rashid, kabla Al-Maamun hajawa khalifa.

Musa alipofariki aliacha watoto wadogo wasio na mali. Al-Maamun akawachukua. Aliwakabidhi kwa Is-haq bin Ibrahim, aliyekuwa gavana wa Baghdad, na hata alipokuwa safarini vitani dhidi ya Warumi alikuwa akiandika barua kuulizia hali zao, mpaka Is-haq akawa analalamika kwa utani kuwa amegeuzwa yaya wa watoto wa Musa. Waliingizwa Baitul Hikma chini ya mnajimu Yahya bin Abi Mansur. Posho yao ilikuwa ndogo na mavazi yao ya kimaskini, lakini vitabu havikuwapungukia. Naomba tulitazame jambo hili vizuri: mayatima watatu, watoto wa mtu aliyewahi kuwa jambazi, walipelekwa katika taasisi bora kabisa ya elimu duniani kwa zama zile. Sisi leo tuna vituo vya mayatima ambamo mtoto akishajua kusoma Juzuu Amma tunahesabu kazi imekwisha.

Muhammad alikwenda kwenye falaki na hisabati. Al-Hasan alikuwa na kipaji cha jometri cha ajabu, ingawa alilaumiwa na Al-Maamun mwenyewe kwa kusoma sehemu sita tu za kitabu cha Euclid. Ahmad yeye akili yake ilikuwa kwenye vyombo. Kitabu cha Kitab al-Hiyal, kilichoandikwa yapata mwaka 850 na ambacho kinaeleza vyombo vipatavyo mia moja, kimebeba jina la ndugu wote watatu, lakini wataalamu wanakubaliana kuwa sehemu kubwa ni kazi ya Ahmad. Vingi ni vya kufurahisha baraza la wakubwa: mitungi inayomimina vinywaji tofauti kutoka mdomo mmoja, chemchemi zinazobadilisha umbo la maji. Mimi hivyo havinivutii sana. Kilichonivutia ni taa.

Aliyekulia kwenye koroboi anajua tabu ya taa ya mafuta. Utambi ukiungua ncha yake inageuka mkaa, mwali unafifia, moshi unapanda, na lazima mtu aache anachosoma auvute utambi kwa kijiti. Pili ni mafuta. Wao walitumia mafuta ya mimea, kama ya zeituni na ufuta, ambayo ni mazito kuliko mafuta ya taa ya leo. Mafuta mazito hayapandi mbali kwenye utambi. Yakishuka kidogo tu kwenye chombo, mwali unakosa chakula ijapokuwa chini mafuta bado yapo. Tatu ni upepo, na huo hauhitaji maelezo.

Ahmad aliyashughulikia yote matatu. Kwa utambi, aliweka boya linaloelea juu ya mafuta. Mafuta yanapopungua boya linashuka, na linaposhuka linavuta kipande chenye meno ambacho kinazungusha gurudumu dogo la meno, nalo gurudumu linausukuma utambi mbele kidogo kidogo. Kwa hiyo kadiri mafuta yanavyoungua ndivyo utambi unavyosogea, bila mkono wa mtu. Hapa haki isemwe: fikra ya taa ya namna hii ilikuwepo kabla yake. Hero wa Iskandaria, Myunani wa karne ya kwanza, aliieleza katika kitabu chake, na Baghdad ya wakati huo ilikuwa ikivitafsiri vitabu vya Wayunani. Kukiri kuwa Waislamu walipokea kutoka kwa wengine hakupunguzi kitu. Anayepokea taa iliyowashwa halaumiwi, analaumiwa anayeiacha izime.

Kwa mafuta, alitumia njia ambayo wafugaji wa kuku mjini wanaiona kila siku bila kuifikiria. Tazama kile chombo cha kunyweshea vifaranga: chupa iliyojaa maji imepinduliwa juu ya sahani. Maji hayamwagiki, kwa sababu mdomo wa chupa umezibwa na maji yaliyo sahanini na hewa haipati njia. Vifaranga wakinywa, maji yanashuka, hewa kidogo inaingia, maji kidogo yanatoka, kisha panaziba tena. Taa ya Ahmad ilikuwa na hazina ya mafuta iliyofungwa isiingize hewa ila kwa tundu moja. Mafuta yakishuka chini ya tundu, hewa inaingia na mafuta yanaongezeka mpaka tundu lizibe. Hivyo mwali unabaki na mafuta kwa kimo kile kile. Kisha akaunganisha mambo hayo mawili katika taa moja, inayojisogezea utambi na kujijazia mafuta.

Ya upepo ndiyo nzuri kuliko zote. Alizungushia mwali kinga ya nusu duara inayoweza kuzunguka, na juu yake akaweka bapa la kukamata upepo. Upepo ukigeuka unalisukuma bapa, bapa linaigeuza kinga, na mgongo wa kinga siku zote unakuwa upande upepo unakotoka. Kwa maneno mengine, alitumia nguvu ya upepo kumzuia upepo mwenyewe. Njia ya kuzungushia mwali bomba la kioo, ambalo neno letu chemli limetokana nalo, ilikuja kuenea baada ya Aimé Argand wa Geneva kutengeneza taa yake ya utambi wa duara wenye uwazi katikati, katika miaka ya 1780. Mtu huyo naye alinyang'anywa faida ya uvumbuzi wake mahakamani mwaka 1786 na akafa fukara mwaka 1803.

Na suala la kunyang'anywa linaturudisha Baghdad.

Banu Musa walipata utajiri mkubwa, na wakautumia vizuri. Walituma watu kutafuta vitabu katika nchi ya Warumi, na kwa wafasiri walitoa dinari zipatazo 500 kwa mwezi. Hunayn bin Is-haq alifanya kazi kwao, na Thabit bin Qurra aliletwa Baghdad na Muhammad. Lakini zama za Khalifa Al-Mutawakkil, aliyetawala kuanzia mwaka 847 na ambaye alipenda mno vyombo vinavyojiendesha, Muhammad na Ahmad walikuwa na masikio ya mtawala na wakayatumia vibaya. Ibn Abi Usaybia anaeleza kuwa walikuwa wakimfanyia vitimbi kila aliyesifika kwa elimu. Sanad bin Ali, mtaalamu mwenzao, waliweka mbali na baraza. Al-Kindi, yule tunayemwita mwanafalsafa wa Waarabu, walimchongea mpaka khalifa akampiga. Kisha wakatuma watu nyumbani kwake, wakachukua vitabu vyake vyote na kuviweka mahali pao maalumu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani, nilipofika hapa, kama si ghiba kumsema marehemu Mwislamu. Nilimjibu kuwa wasimulizi wetu wa zamani, ambao uchamungu wao hatuwezi kuufikia, waliyaandika haya na kuyaacha tuyasome. Na Al-Kindi naye alikuwa Mwislamu. Tukiificha dhulma aliyofanyiwa ili aliyedhulumu abaki msafi kwenye orodha yetu, tutakuwa tumemdhulumu mara ya pili.

Kilichofuata ni mfereji. Al-Mutawakkil aliwapa Banu Musa kazi ya kuchimba mfereji wa Al-Jaafari, nao wakamkabidhi Al-Farghani. Al-Farghani alikosea vipimo. Mdomo wa mfereji aliuchimba chini zaidi kuliko sehemu iliyobaki, hivyo maji yangeingia tu wakati Mto Dijla umejaa. Habari zikamfikia khalifa, akaapa kuwa zikithibiti atawasulubu ndugu hao ukingoni mwa mfereji ule ule. Na mtu aliyemwita kwenda kukagua alikuwa nani? Sanad bin Ali.

Wakamwendea Sanad kumwomba. Sanad akasema baina yake na Al-Kindi kuna uadui, lakini haki ni haki, hatasema neno la kuwaokoa mpaka vitabu vya Al-Kindi virudishwe. Muhammad akavirudisha vyote na kuleta hati kwa mkono wa Al-Kindi mwenyewe kwamba amevipokea. Hapo Sanad akawaambia kuwa mto unajaa, kosa halitaonekana kwa miezi minne, na wanajimu wanadai khalifa hatafika huko. Habari za wanajimu tuziache, ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Sanad akaenda kusema mfereji hauna kasoro. Miezi miwili baadaye, mwaka 247 Hijria, Desemba 861, Al-Mutawakkil aliuawa na askari wake, na ndugu wale wakanusurika.

Mimi katika kisa hiki chote ninayempenda ni Sanad, ingawa ushahidi wake wa mwisho haukuwa wa kweli. Aliwekwa pembeni na watu hao, adui zao wakawa mikononi mwake, na sharti alilotoa halikuwa kwa faida yake bali kwa mtu ambaye hata hawakupatana.

Muhammad bin Musa alifariki mwaka 259 Hijria, yaani 873. Kitabu cha vyombo kiliendelea kunakiliwa, na Al-Jazari alipoandika kitabu chake maarufu, kilichokamilika mwaka 1206, alizitaja chemchemi za Banu Musa na kueleza kwa nini yeye amefuata njia nyingine. Donald Hill alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1979, na miaka miwili baadaye matini yake ya Kiarabu ikachapishwa Halab, Syria. Michoro ya zile taa imo humo, boya, gurudumu na bapa la upepo, na fundi yeyote wa bati mwenye mkasi na subira anaweza kujaribu kuitengeneza.