Simon Kuznets: jamaa aliyepima pato la taifa, halafu akaonya

Wadau, kila bajeti ikisomwa tunaambiwa uchumi umekua, huku mfukoni hamna kitu. Basi mjueni huyu mzee.

Simon Kuznets alizaliwa 1901 mjini Pinsk, ambao siku hizi uko Belarus. Mwaka 1922 akahamia Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Columbia mpaka akapata udaktari mwaka 1926.

Uchumi wa Marekani ulipoanza kuporomoka 1929, serikali ilikuwa haijui hata hasara ni kiasi gani. Baraza la Seneti likataka hesabu. Kuznets na wenzake wakakusanya takwimu za viwanda, mashamba, migodi na mishahara. Ripoti ikatoka 1934: kati ya 1929 na 1932 pato la taifa lilishuka karibu nusu!

Lakini humo humo akaonya kwamba pato likiwa kubwa haina maana wananchi wanaishi vizuri. Halionyeshi nani kapata nini, na kazi za mama nyumbani hazimo kabisa. Wanasiasa wakabeba namba, onyo wakaliacha hapo hapo.

Mwaka 1971 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, akafariki 1985. Kwa hiyo ukisikia uchumi umekua, uliza: umekua kwa nani?

Mnasemaje wadau?