Hubert Ogunde: Askari polisi aliyeufanya uigizaji kuwa kazi nchini Nigeria

Tarehe 12 Juni mwaka 1944, waumini wa Kanisa la Bwana, mojawapo ya makanisa ya Aladura, walikusanyika katika ukumbi wa Glover mjini Lagos kutazama mchezo wa kuimbwa juu ya bustani ya Edeni na kiti cha enzi cha Mungu. Mtunzi na mwongozaji wake alikuwa askari polisi ambaye hakuwa bado ametimiza miaka thelathini, Hubert Ogunde, aliyeombwa na kanisa lake kuuandaa mchezo huo. Hadi wakati huo, michezo ya makanisa ya Lagos ilikuwa karibu sawa na kwaya: watu walisimama mahali pamoja, wakaimba, wakashuka. Ogunde aliwataka waigizaji wake watembee jukwaani, wacheze ngoma, wagombane na kulia kama watu wanavyogombana na kulia majumbani mwao. Miaka 35 baadaye mtu huyo huyo angeingiza fedha zake katika filamu, na kuwa miongoni mwa watayarishaji waliowaonyesha Wanigeria kwamba sinema ya kwao ina wateja.

Ogunde alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Ososa, jirani na mji wa Ijebu-Ode, kusini magharibi mwa Nigeria. Upande wa baba alikulia katika Ukristo wa Kibaptisti na vinanda vya kanisani. Upande wa mama, babu yake alikuwa kuhani wa dini ya jadi ya Wayoruba. Akiwa mtoto wa shule alipata pia kucheza pamoja na waigizaji wa Alarinjo, wale wavaa vinyago waliozunguka kutoka mji hadi mji. Hakuna haja ya kutafuta mbali chanzo cha kazi zake: nyimbo za kanisa, maombi ya babu na safari za wavaa vinyago vyote vilikuwamo nyumbani tangu mwanzo.

Alifundisha shule kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1941 akajiunga na polisi. Mshahara ulikuwa wa uhakika. Hata hivyo mwaka 1945 aliunda kikundi chake mwenyewe, na mwaka uliofuata akavua sare ili aishi kwa maigizo peke yake. Katika Nigeria ya wakati huo huo ulikuwa uamuzi wa ajabu. Mwigizaji alihesabiwa kuwa mtu asiye na kazi, na hapakuwa na serikali wala tajiri aliyekuwa tayari kumlipa. Fedha pekee ilikuwa kiingilio cha mlangoni.

Kiingilio hicho kilimfundisha kusikiliza watu wanazungumzia nini. Mwaka 1945 wafanyakazi wa Nigeria, wakiwamo wa reli, waligoma kwa zaidi ya mwezi mmoja wakidai nyongeza kwa sababu ya ugumu wa maisha wa wakati wa vita. Mwaka huo huo Ogunde akatoa mchezo uitwao Strike and Hunger, yaani mgomo na njaa. Alipoupeleka Jos, wakuu wa kikoloni waliupiga marufuku, naye akakamatwa na kutozwa faini. Hakuacha. Tarehe 18 Novemba 1949 polisi waliwafyatulia risasi wachimbaji wa makaa ya mawe katika bonde la Iva, karibu na Enugu, na kuwaua 21. Mwaka 1950 Ogunde alijibu kwa mchezo wa Bread and Bullet, mkate na risasi, nao ukamletea matatizo mengine na polisi wa kaskazini. Aliyekuwa akitia mashaka wakubwa zake wa zamani alikuwa mtu aliyeyajua vizuri mambo ya kituo cha polisi.

Tatizo jingine lilikuwa wanawake. Kikundi kilihitaji waigizaji wa kike, na wazazi hawakutaka binti zao waonekane jukwaani. Inasimuliwa kwamba alipotangaza nafasi za waigizaji wa kike hakuna aliyejitokeza, akabadili tangazo na kutafuta makarani. Waliokuja aliwafundisha kuimba, kucheza na hata kupiga saksafoni. Aliyefundishwa vizuri hakuchelewa kuposwa na mwanamume wa nje na kuondoka, na Ogunde akapata dawa yake: aliwaoa mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa na wake zaidi ya kumi, wengi wao waigizaji wake, na watoto wao wakakua jukwaani. Jambo hili husimuliwa kwa kicheko, lakini lina upande wake mzito. Wanawake hao ndio waliokuwa mtaji wa kampuni, walisafiri usiku kwa gari, walipika, walilea na kuimba. Jina lililoandikwa kwenye mabango lilikuwa moja tu. Mmoja wao, Adesewa, aliyependwa sana na watazamaji, alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1970.

Mtihani mkubwa kuliko yote haukutoka kwa Waingereza. Ulikuja miaka minne baada ya uhuru, mwaka 1964. Jimbo la Magharibi, nyumbani kwa Wayoruba wengi, lilikuwa limegawanyika kati ya wafuasi wa Obafemi Awolowo, aliyehukumiwa kifungo mwaka 1963, na wafuasi wa waziri mkuu wa jimbo, Samuel Akintola. Ogunde aliombwa kuandaa mchezo kwa ajili ya jumuiya ya utamaduni iliyokuwa karibu na upande wa Akintola. Waliomwalika bila shaka walitazamia wimbo wa sifa. Alichowaletea ni Yoruba Ronu, jina lenye maana ya kuwataka Wayoruba wafikiri. Ndani yake mfalme anasalitiwa na msaidizi wake na kutiwa kifungoni, na nchi inaangukia mikononi mwa wasaliti. Haikuhitajika fasihi nyingi kutambua nani ni nani.

Serikali ya jimbo ilikipiga marufuku kikundi kizima, si mchezo huo peke yake. Kwa msanii aliyeishi kwa kiingilio, kufungiwa Ibadan, Abeokuta na miji mingine ya Wayoruba kulikuwa sawa na kufungiwa soko na shamba kwa pamoja. Lagos ilibaki wazi kwa kuwa ilikuwa chini ya serikali ya shirikisho. Huko, badala ya kuomba radhi, alitoa mchezo mwingine, Otito Koro, yaani ukweli ni mchungu. Marufuku ilidumu karibu miaka miwili. Iliondolewa Februari 1966 na gavana mpya wa kijeshi, Adekunle Fajuyi, wiki chache baada ya mapinduzi ambamo Akintola aliuawa.

Mwaka 1967 alikuwa Montreal, Kanada, na kikundi chake cha ngoma, akiiwakilisha Nigeria kwenye maonyesho ya dunia.

Filamu alizianza akiwa amepita miaka sitini. Mwaka 1976 mwongozaji Ola Balogun, aliyesomea sinema Paris, alikuwa ametoa Ajani Ogun, filamu ya Kiyoruba iliyojaza kumbi. Ogunde alimwita Balogun aongoze Aiye, ya mwaka 1979. Hadithi, fedha na mhusika mkuu vilitoka kwa Ogunde mwenyewe: ndiye Osetura, kuhani mwema anayepambana na wachawi wanaokitesa kijiji. Zikafuata Jaiyesimi mwaka 1980, Aropin N'Tenia mwaka 1982 na Ayanmo mwaka 1988. Kule Ososa alijenga kijiji cha kupigia filamu, ili msitu, nyumba na mavazi yawepo tayari.

Kupiga filamu kulikuwa nusu tu ya kazi. Majumba ya sinema ya Lagos yalizoea filamu za Kihindi, za Kimarekani na za karate, na mtayarishaji mzalendo hakuwa na nafasi humo. Watayarishaji wa Kiyoruba wakafanya kama walivyozoea katika maigizo. Walikodi kumbi, wakabandika mabango, wakapeleka nakala ya filamu wenyewe mji baada ya mji na kukaa mlangoni kukusanya fedha. Nakala haikuachiwa mtu, kwa hofu ya kuibiwa. Ukumbi wa Taifa wa Iganmu, Lagos, ulijaa watu wakati wa sikukuu. Wapo waliolalamika kwamba Ogunde aliuza uchawi kwa wasiojua kusoma. Lakini watazamaji wake waliona kwenye pazia miungu, hofu na lugha yao wenyewe, mambo ambayo filamu za Bombay na Hong Kong zisingeweza kuwapa.

Kilichoukata mtindo huo ni bei. Filamu ilinunuliwa na kusafishwa nje ya nchi, kwa fedha za kigeni. Naira iliposhushwa thamani kuanzia mwaka 1986, gharama hizo zikawa mzigo hata kwa mwenye jina kubwa. Ayanmo ilikuwa filamu yake ya mwisho kama mtayarishaji. Katika miaka hiyo serikali ilimpa jukumu la kuunda kikundi cha taifa cha maigizo na ngoma, yeye aliyewahi kutozwa faini na kufungiwa. Mbele ya kamera alionekana kwa mara ya mwisho katika Mister Johnson, filamu ya Bruce Beresford iliyopigwa Nigeria.

Hubert Ogunde alifariki London tarehe 4 Aprili 1990. Miaka miwili baadaye, filamu ya Kiigbo, Living in Bondage, iliuzwa moja kwa moja kwenye kanda za video, na kutoka hapo biashara ikakua hadi kanda za Nigeria zikatazamwa Dar es Salaam na Nairobi. Njia ilikuwa ile ile: mtayarishaji anaweka fedha zake na mtazamaji anazirudisha. Mwili wake ulirudishwa Ososa, ambako nyumba yake imefanywa makumbusho.