Maisha ya Turing ni funzo kwa wanaotaka kusomea akili bandia

WANAFUNZI wengi wanaonijia siku hizi huuliza kama wasomee akili bandia ili waajiriwe kupambana na wahalifu wa mitandaoni, ama katika idara ya upelelezi, ama katika benki, ama mahakamani. Swali hilo linawahusu hata vijana wa kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, ambako mchuuzi wa samaki hulipwa kwa simu, na kwa simu iyo hiyo akaletewa ujumbe wa ulaghai. Jibu langu ni kuwasimulia maisha ya Alan Turing.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Babake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na kwa hivyo Alan na nduguye waliachwa Uingereza walelewe na watu wengine. Mwaka 1931 alijiunga na Chuo cha King's, Cambridge, kusomea hisabati. Mwaka 1936 alichapisha makala iliyoeleza mashine ya kufikirika, inayosoma alama moja moja kwenye utepe na kutenda kwa kufuata kanuni. Wazo hilo ndilo msingi wa nadharia ya tarakilishi tulizo nazo leo. Miaka miwili baadaye alipata shahada ya uzamifu huko Princeton, Marekani.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, aliitwa Bletchley Park, mahali pa siri ambapo Waingereza walifumbua taarifa za adui. Wajerumani walitumia mtambo uitwao Enigma, uliobadilisha kila herufi kuwa nyingine. Wanahisabati wa Poland walikuwa wametangulia kuufumbua. Turing akabuni mtambo wa kuiharakisha kazi hiyo.

Hapa ndipo sisi wanaisimu hutega sikio. Mtambo wa Turing haukubahatisha ovyo. Ulianza na maneno ambayo binadamu alikisia kwamba yamo katika taarifa, kwa kuwa askari hurudia misemo ile ile, kwa mfano katika ripoti za hali ya hewa. Fauka ya hayo, Enigma haikuweza kuigeuza herufi kuwa herufi iyo hiyo, na udhaifu huo ulisaidia kuyatupa makisio yasiyofaa. Mwanafunzi anayetaka kuionja kazi hii na ahesabu herufi za safu hii: ataona kwamba herufi a imezishinda zote. Kila lugha ina mazoea yake, na mazoea ndiyo mlango wa mfumbuzi.

Wala kazi hiyo haikuwa ya Ulaya peke yake. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, wafumbuzi wa Uingereza walihamia Kilindini, Mombasa. Katika majengo ya shule ya Allidina Visram walizifumbua taarifa za meli za mizigo za Japani.

Baada ya vita, Turing alishughulika na kuunda kompyuta, kwanza karibu na London, kisha Manchester. Mwaka 1950 aliandika makala iliyouliza kama mashine yaweza kufikiri. Alipendekeza jaribio: mtu aulize maswali kwa maandishi bila kumwona anayejibu, kisha aamue kama ni binadamu au mashine. Mjadala wa akili bandia ungali unalirejelea jaribio hilo.

Mapema mwaka 1952 nyumba yake iliibiwa, naye akapiga ripoti kwa polisi. Katika kuhojiwa alikiri kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamume, jambo lililokuwa kosa chini ya sheria ya mwaka 1885. Alikwenda kwa polisi akiwa mlalamishi, akaishia kizimbani akiwa mshtakiwa. Alipewa hiari ya kufungwa au kudungwa homoni, akachagua homoni. Akaondolewa pia katika kazi za siri za taifa alilolitumikia. Alifariki tarehe 7 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 41, kwa sumu ya sianidi. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua. Waziri Mkuu wa Uingereza aliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013. Marehemu hakuwapo kuupokea.

Naona mafunzo mawili. Kwanza, mashine hujifunza kutokana na matini, na lugha isiyo na matini ya kutosha huachwa nje. Olusuba, lugha ya asili ya Mfangano, imekwisha kufunikwa na Dholuo. Sembuse katika kompyuta! Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Mashine ikiyafasiri visivyo maneno ya Msuba, nani ataisahihisha ikiwa watoto wa kisiwa hicho hawaijui lugha ya babu zao?

Pili, mashine hutekeleza kanuni. Haiulizi kama kanuni hiyo ni ya haki. Polisi waliomkamata Turing walifuata sheria, na mashine ingaliifuata kwa kasi zaidi. Ndiyo maana anayetaka kazi hii hana budi kuzielewa sheria zetu, ile ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta na ile ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data, pamoja na haki za mshukiwa, kabla hajaiamini programu yoyote imwonyeshe mwizi.

Kwa hivyo, jibu langu kwa vijana ni kwamba wasomee akili bandia, lakini wasiisomee peke yake. Washike hisabati, washike sheria, na wasizitupe lugha zao. Nanyi walimu, msimwambie mtoto hodari wa lugha kwamba kompyuta si fani yake. Kule Bletchley Park, mabingwa wa lugha walifanya kazi bega kwa bega na wanahisabati.