Trautmann: Kipa aliyevunjika shingo, akaja kuinoa Taifa Stars

Pita kwenye kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo asubuhi baada ya mechi. Uwe Mtaa wa Msimbazi kwa Wekundu au kule Twiga na Jangwani kwa watani zao, hoja haikosi kufika kwa kipa. Kundi moja linataka abutue mbele, straika akapambane na mabeki huko huko. Jingine linataka aanze na mtu wa karibu, timu ipande taratibu. Sasa aanze na mtu wa karibu halafu timu ifungwe, hapo ndipo kasheshe: kocha hafai, kipa anajifanya fundi, mfumo wote utupwe jalalani.

Yupo mtu aliyelipitia bishano hilo kabla wengi wanaobishana leo hawajazaliwa, na aliwahi kufanya kazi hapa hapa nchini. Ni Bernhard Trautmann, ambaye Waingereza walimwita Bert. Mwaka 1975 alikuwa kocha wa Taifa Stars.

Alizaliwa Bremen, Ujerumani, Oktoba 22, 1923. Utotoni alicheza soka na mpira wa mikono, na huo wa pili ndio uliompa mkono wa kurusha mbali tena kwa shabaha. Vita Kuu ya Pili ikamchukua angali kijana. Akawa askari wa miavuli katika jeshi la Hitler, akapigana upande wa Urusi na baadaye upande wa magharibi. Mwaka 1945 Waingereza walimkamata, wakamfungia kambini Ashton-in-Makerfield, kaskazini mwa England. Huko kambini alikuwa mchezaji wa ndani, hadi siku moja alipoumia mechi ikiendelea, wakabadilishana nafasi na kipa. Ndiyo ikawa kazi yake.

Alipoachiwa mwaka 1948 alikataa kurudi kwao. Akabaki akifanya kazi shambani huku akidakia St Helens Town, timu ndogo tu. Oktoba 1949 Manchester City wakamsajili, na mji ukawaka moto. Watu wapatao 20,000 waliandamana, wengine wakatishia kususa mechi. Vita ilikuwa imekwisha miaka minne tu nyuma, halafu eti golini asimame askari wa Hitler! Aliyesaidia kutuliza mambo ni Rabi Alexander Altmann wa Manchester, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi. Aliandika barua ya wazi akiomba mtu mmoja asibebeshwe dhambi za taifa zima. Kelele zikapungua, na zilizobaki Trautmann akazimaliza mwenyewe kwa kudaka.

Novemba 25, 1953, Hungary iliifumua England 6-3 Wembley. Silaha yao ilikuwa Nandor Hidegkuti, namba tisa asiyekaa juu na mabeki. Alishuka katikati, beki wa kati akabaki njia panda: akimfuata anaacha uwazi nyuma, akibaki anamwacha jamaa apige pasi anavyotaka. City wakauchukua mpango huo chini ya kocha Les McDowall, na kazi ya Hidegkuti akapewa Don Revie.

Lakini namba tisa akishuka chini, kipa akibutua mbele anampigia nani? Mpira unarudi ule ule. Hapo ndipo mkono wa Trautmann ulipopata kazi. Akidaka tu, anamrushia Ken Barnes au Roy Paul, viungo wake. Hao wanageuka, wanampa Revie, na wapinzani wanajikuta wanakimbia kurudi golini kwao. Shambulizi la City lilianzia mikononi mwa kipa.

Mechi ya kwanza ya ligi, Agosti 1954, City walipigwa 5-0 na Preston. Kwa vijiwe vyetu, mpango ungeishia hapo na kocha angefungashiwa virago kabla ya Jumatatu. McDowall hakuubadili. Mei 1955 City walikuwa fainali ya Kombe la FA, wakafungwa 3-1 na Newcastle. Mwaka uliofuata wakarudi Wembley na kuichapa Birmingham City 3-1.

Fainali hiyo ya Mei 5, 1956 ndiyo iliyompa Trautmann jina lisilofutika. Zikiwa zimebaki dakika 17, alijitupa miguuni mwa Peter Murphy na kugongwa shingoni. Enzi hizo hakuna kubadilisha mchezaji. Akasimama akiyumba, akaendelea kuokoa hadi filimbi ya mwisho. Siku chache baadaye picha ya eksirei ikaonyesha shingo imevunjika. Mwaka huo alikuwa kipa wa kwanza kuchaguliwa na waandishi kuwa mchezaji bora wa England. Lakini wiki chache baada ya fainali mwanawe John, mwenye miaka mitano, aliuawa kwa ajali ya gari. Trautmann alirudi uwanjani Desemba, akaichezea City hadi 1964, jumla ya mechi 545. Ujerumani Magharibi haikumwita hata mara moja, kwa kuwa alicheza nje.

Baadaye akaingia kwenye ukocha, akaenda Burma, kisha Tanzania. Aliikuta nchi ikichemka kwa soka. Mwaka 1974 Stars walitwaa Kombe la Chalenji, Simba wakafika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, na Yanga wakawalaza watani 2-1 pale Nyamagana, Mwanza. Mwaka huo wa 1975 ubingwa ukawaponyoka vigogo wote wawili, ukaenda kwa Mseto ya Morogoro. Kutoka hapa Trautmann alifundisha Liberia, Pakistan na Yemen Kaskazini.

Alifariki Hispania Julai 19, 2013, akiwa na miaka 89. Msimbazi tarehe hiyo wanaikumbuka kwa jambo jingine kabisa: Julai 19, 1977, Simba 6, Yanga 0.

Kwa hiyo kesho kijiweni, kipa akianza na mtu wa karibu mambo yakaharibika, kabla ya kumtukana mtazame kwanza namba tisa alikuwa amesimama wapi. Na mkumbuke zile tano za Preston.