Maisha ya Bwana James Chapin, Mtazamaji wa Ndege za Kongo



Muhula uliopita kulitokea mabishano makubwa nyuma ya internati ya wavulana. Mnaujua ule mti wenye viota vingi vya ndege za manjano, wale wanaosuka nyasi na kupiga kelele toka asubuhi hata tunashindwa kusoma masomo yetu. Siku moja tuliona mama mmoja wa hao ndege akimlisha kifaranga ambaye hakufanana naye hata kidogo. Mdomo wake mwekundu, kifua chake na madoadoa, naye alilia bila kunyamaza. Mama alimletea mdudu, akameza, akalia tena.

Mmoja wetu alikuwa tayari ameokota jiwe. Alisema yule ni mwizi, ameua watoto wa mwenye nyumba, sasa anakula chakula chao, basi afe. Wengine tulisema hapana, yeye hakuchagua kuzaliwa pale. Mwingine akasema mwenye kosa ni mama mlishaji, maana ni mjinga, hajui mtoto wake. Tulibishana mpaka kengele ikalia. Tulipopeleka jambo kwa mwalimu wetu wa biolojia, hakutuamua. Alituambia tutafute kwanza habari za mtu mmoja aliyekaa miaka mingi katika nchi yetu akitazama ndege, tena hata katika pande hizi za Ituri. Ndiyo hiyo tunawaletea.

James Paul Chapin alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Julai 1889, akakulia kwenye kisiwa cha Staten Island. Toka utoto alipenda wanyama na ndege, na akiwa bado kijana alipata kazi katika nyumba kubwa ya makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji ule. Mwaka 1909 makumbusho hayo yalituma watu wawili Kongo. Mkubwa alikuwa Herbert Lang, Mjerumani kwa kuzaliwa, na msaidizi wake alikuwa Chapin. Alikuwa na miaka 19 tu! Fikirini, ni umri wa wengi wetu hapa katika madarasa ya juu.

Safari hiyo iliendelea hata mwaka 1915. Walipanda mto Kongo mpaka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakaingia msitu wa Ituri, wakakaa Avakubi na Medje, kisha wakatoka kwenye nchi ya nyasi huko Faradje na Garamba. Faradje si mbali sana na sisi, ukipita Aru unaendelea kaskazini. Nyasi za kule na ndege za kule ni kama zetu. Walikuwa wanatafuta hasa okapi na kifaru mweupe, lakini Chapin macho yake yalikuwa juu ya ndege. Waliporudi kwao walikuwa na ndege zaidi ya 6,000.

Hapa tuseme neno moja. Mizigo yote ile ilibebwa kichwani na watu wetu, siku kwa siku, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Ndege wengi waliletwa na wawindaji wa vijiji. Majina ya wengi wao hatuyajui leo. Tukimsifu Chapin tusiwasahau hao.

Sasa turudi kwenye jambo la mtoto mgeni kiotani. Ulimwenguni kuna aina zaidi ya 10,000 za ndege, na karibu 100 kati yao hawalei watoto wao kabisa. Wanataga katika viota vya wengine na kwenda zao. Hapa Afrika tuko nao wengi. Yule wa mti wetu, mwalimu alisema, ni wa ukoo wa kekeo, ndege wa kijani yenye kung'aa anayependa sana viota vya hao wasukaji. Mama kekeo anangoja mwenye nyumba ameondoka, anaingia haraka, mara nyingi anatoa yai moja la mwenyewe na kuacha la kwake. Yai lake linapasuka mapema. Kifaranga bado yuko uchi na kipofu, lakini anasukuma mayai au watoto wengine kwa mgongo mpaka waanguke nje. Mwingereza mmoja, daktari Edward Jenner, aliandika habari ya kekeo wa kwao kufanya hivyo mwaka 1788, na kuna wataalamu waliokataa kuisadiki kwa muda mrefu. Ni yeye yule aliyeanza chanjo ya ndui mwaka 1796.

Basi mama msukaji ni mjinga? Sisi tulifikiri hivyo, kumbe sivyo. Kila mama wa hao ndege za manjano anataga mayai ya rangi yake: mmoja meupe, mwingine ya samawati, mwingine ya kijani yenye madoa. Rangi yake haibadiliki maisha yote. Akikuta yai la rangi nyingine ndani ya kiota anaweza kulitambua na kulitupa. Kwa hiyo kekeo naye ni lazima apate bahati, yai lake lifanane na la nyumba ile aliyoingia. Ni vita ya kufanana na kutofautisha, na imeendelea miaka maelfu na maelfu.

Na kazi ya Chapin, maisha yake yote, ilikuwa ni hiyo ya kutofautisha vitu vinavyofanana.

Aliporudi Marekani alianza kupanga ndege za safari ile. Mwaka 1917 alitoa maandiko juu ya ukoo wa wasukaji na wale wadogo wanaokula mbegu za nyasi. Watu walikuwa wanawapanga kwa kutazama mdomo, mabawa na rangi ya manyoya. Chapin alitazama pia ndani ya vinywa vya vifaranga. Mtu anaweza kucheka, lakini ngoja. Kifaranga wa wale wadogo wa mbegu, wale wenye mdomo mwekundu wanaokuja mpaka mlangoni pa jiko letu kuokota, akifungua kinywa utaona madoa meusi juu ya kaakaa, na kwenye pembe za mdomo alama zenye rangi. Kila aina ina madoa yake. Vifaranga vya wasukaji wa kweli hawana madoa hayo. Kwa njia hiyo Chapin alionyesha kwamba ni koo mbili mbalimbali, hata kama wakubwa wao wanafanana.

Madoa haya ndiyo yanayotuingiza kwenye ujanja mkubwa kuliko wa kekeo. Mnamjua fumbwe, ndege mweusi na mweupe ambaye wakati wa mvua dume anaota mkia mrefu kupita mwili wake, akiruka ni kama anachezacheza hewani. Huyo naye halei watoto. Jike anataga katika viota vya wale wadogo wa mbegu. Na kifaranga wake akifungua kinywa, madoa yake yanafanana sana na ya watoto wa nyumba! Mzazi katika giza la kiota anaona vinywa vyote ni vya ukoo wake, anagawa chakula. Lakini fumbwe hana ukatili wa kekeo. Hasukumi mtu nje. Anakaa pamoja na watoto wa mwenyewe, wanakula pamoja, wanatoka pamoja. Kwa hiyo yule mwenzetu wa jiwe, kama angetaka kuhukumu wote kwa sheria moja, angekosa.

Ndege wa asali ni mbaya kupita wote. Ndiye yule mkubwa anayewaita watu msituni na kuwaongoza mpaka kwenye mzinga wa nyuki, ili wakiisha kutoa asali yeye ale nta. Wazee wetu wanampenda kwa ajili ya hiyo. Lakini watoto wake wanazaliwa ndani ya mashimo ya ndege wengine, na kifaranga anatoka katika yai akiwa na ndoana mbili kali kwenye ncha ya mdomo. Katika giza, bila kuona, anawauma wenzake mpaka wanakufa. Halafu ndoana zinakwisha zenyewe. Mtu akimsifu ndege huyu kwa wema wake ajue pia habari za nyumbani kwake.

Jina la Chapin lilikuwa kubwa kwa sababu ya unyoya mmoja. Mwaka 1913, kule Avakubi, aliona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji, wa rangi ya kahawia na michirizi myeusi. Hakuweza kujua ni wa ndege gani. Mwingine angeutupa. Yeye aliuhifadhi miaka 23. Mwaka 1936 alikuwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akaona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa, na kibao kikisema ni tausi wa kawaida wa India, bado wachanga. Chapin alitazama mabawa, akakumbuka unyoya wake. Kibao kilikuwa na uwongo. Alikuwa ni tausi wa Kongo, ambaye wataalamu hawakuwa na habari yake, ingawa watu wa msituni walikuwa wanamvaa kofiani! Akampa jina Afropavo congensis, na mwaka 1937 akarudi kwetu, akamwona akiwa hai msituni.

Mambo mengine tutayasema kwa ufupi. Mwaka 1932 alipata doktora katika universite ya Columbia, na mwaka huohuo kilitoka kitabu cha kwanza cha kazi yake kubwa juu ya ndege za Kongo ya Wabelgiji. Vilikuwa vitabu vinne, na cha mwisho kilitoka mwaka 1954. Wakati wa Vita vya Pili serikali ya Marekani ilimtuma Leopoldville kwa kazi ya siri, lakini akawa mgonjwa na ikabidi arudi. Hatufikiri kwamba kazi ile ilimfaa. Mtu wa kutazama vifaranga si mtu wa kupeleleza watu.

Uzee wake aliuleta tena Kongo. Katika miaka ya 1950 yeye na mke wake Ruth walikaa Lwiro, karibu na Bukavu, kwenye nyumba ya utafiti. Hapo alirudi kwa ndege wa asali, si yule mkubwa anayeita watu, ila wale wadogo wa kijivu na kijani wanaokaa kimya juu ya miti. Wanafanana kiasi kwamba hata ukiwashika mkononi ni kazi kusema huyu ni nani. Lakini Chapin alipima midomo, alipima mabawa, akalinganisha. Mwaka 1958, akiwa karibu na miaka 70, alitangaza kwamba mmoja wao, aliyepatikana Tshibati karibu na Lwiro, ni aina ya peke yake. Alimwita Indicator pumilio, maana yake mdogo sana. Kijana wa miaka 19 aliyefika mwaka 1909 alikuwa bado anatofautisha wanaofanana.

Alikufa New York mwezi wa Aprili 1964, akiwa na miaka 74. Mwaka uleule Mjerumani Jürgen Nicolai alieleza jambo lingine la ukoo wa fumbwe: katika nyimbo za dume mna sauti za ndege waliomlea, alizojifunza akiwa mtoto katika nyumba yao, na jike aliyelelewa na aina ileile akizisikia anamjua. Kwa hiyo mtoto mgeni hasahau nyumba ile.

Kuhusu yule wa mdomo mwekundu, mwenye jiwe alilitupa chini, ingawa alisema hajakubali. Kwa siku tano mama aliendelea kumlisha. Siku ya sita, tulipokuwa katika mtihani wa hesabu, tulisikia viota vimenyamaza kidogo. Tulipotoka hakuwa tena juu ya mti.