Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia aliyeyaonyesha mawimbi ya redio njia

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi ufukweni mwa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, Kivu Kaskazini. Samaki wake huliwa Butembo na Beni. Upepo ukichafuka ziwani, mvuvi huita msaada kwa simu, na simu haina faida kama mtandao, au rezo kama wengi wanavyouita huku, haufiki kwenye mtumbwi.

Kwa hiyo nguvu ya mnara peke yake haitoshi. Nguvu hiyo inapaswa kuelekezwa mahali alipo mtu anayeihitaji. Mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwa vitendo namna ya kufanya hivyo alikuwa Karl Ferdinand Braun, aliyefariki mwaka 1918.

Braun alizaliwa Fulda, Ujerumani, tarehe 6 Juni 1850. Alisoma Marburg na Berlin, akapata shahada ya udaktari mwaka 1872, kisha akafundisha shule ya sekondari mjini Leipzig. Akiwa huko, mwaka 1874, aligundua kwamba baadhi ya madini hupitisha umeme kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine. Ugunduzi huo ulikuja kutumika katika redio za mwanzo.

Mwaka 1895 alipewa uongozi wa taasisi ya fizikia mjini Strasbourg, uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani na leo uko Ufaransa. Miaka miwili baadaye alitengeneza bomba la kioo lililochora mwendo wa umeme kwa mwanga. Runinga za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, zilitokana na bomba hilo.

Kisha akageukia mawasiliano yasiyotumia waya. Mitambo ya Guglielmo Marconi ilikuwa ikirusha cheche za umeme ndani ya antena yenyewe, na kuongeza ukubwa wa cheche hakukusaidia sana kufika mbali. Braun aliitoa cheche kwenye antena, akaiweka katika saketi ya pembeni iliyopeleka nguvu kwa antena bila kugusana nayo. Mawimbi yakafika mbali zaidi. Mwaka 1909 yeye na Marconi waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Lakini tatizo moja lilibaki. Antena moja iliyosimama hutawanya mawimbi pande zote, kama jiwe lililotupwa majini. Nguvu nyingi huishia mahali pasipo na msikilizaji.

Mwaka 1905, karibu na Strasbourg, Braun alisimamisha antena tatu katika pembe tatu. Zote zilirusha mawimbi, lakini hazikuanza kwa wakati mmoja: moja ilicheleweshwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Anayelijua ziwa ataelewa haraka kilichotokea. Wimbi likikutana na jingine yote mawili yakiwa juu, maji huinuka zaidi. Lililo juu likikutana na lililo chini, yote hutulia. Ndivyo mawimbi ya Braun yalivyopata nguvu upande mmoja na kufifia upande wa pili. Alipobadilisha antena ya kuchelewesha, mwelekeo nao ulibadilika, bila nguzo yoyote kusogezwa.

Wakati huo redio ilikuwa imeshakuwa mali ya serikali na majeshi. Telefunken, kampuni iliyoundwa Ujerumani mwaka 1903 na kurithi kazi ya Braun, ilijenga vituo katika mabara kadhaa. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na vituo vya redio Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita vilipoanza, minara ikawa shabaha: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza, HMS Astraea, ilishambulia Dar es Salaam ikilenga kituo cha redio.

Vita hivyo vilimfikia Braun pia. Mwishoni mwa mwaka 1914, akiwa mgonjwa na mwenye umri wa miaka 64, alivuka bahari hadi New York kutoa ushahidi katika kesi ya hataza. Kesi hiyo ilihusu kituo cha Sayville, kilichounganisha Marekani na Ujerumani. Julai 1915 jeshi la majini la Marekani lilikichukua kituo hicho. Braun hakuweza tena kurudi nyumbani. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, yeye akawa raia wa nchi adui. Alifariki Brooklyn tarehe 20 Aprili 1918, miezi michache kabla ya vita kwisha. Mabaki yake yalirudishwa baadaye Fulda na kuzikwa huko.

Wazo lake halikufa. Rada za Vita Kuu ya Pili zililitumia. Minara mingi ya 5G sasa hubeba makumi ya antena ndogo katika ubao mmoja, na kompyuta hupanga ipi itangulie na ipi ichelewe, ili mawimbi yamfuate mwenye simu anaposogea. Sahani za Starlink, huduma iliyopewa kibali DRC mwaka 2025, huyafuata mitambo ya angani kwa njia hiyo hiyo. Watafiti sasa wanajaribu hata antena zinazoweza kusogea au kubadili umbo.

Kilichobaki si suala la fizikia. Tangu mwaka 1905 inajulikana kwamba mawimbi yanaweza kuelekezwa. Yaelekezwe wapi, mjini kwenye wateja wengi au ziwani kwenye mitumbwi michache, huamuliwa na wenye minara na wanaowapa vibali.