Mahalia Jackson: Sauti Aliyomwekea Mungu

Karibu kila parokia ina kijana mwenye sauti nzuri anayeulizwa kwa nini asiende kuimba kwenye fedha. Mahalia Jackson aliulizwa hivyo tangu ujana wake.

Alizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1911. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na dada wa mama yake. Kanisani kwao, kwa Wabaptisti, alijifunza nyimbo za sifa. Kwenye santuri alimsikiliza Bessie Smith, malkia wa bluzi. Mwaka 1927 alihamia Chicago, akawa anafua nguo na kufanya usafi hotelini ili apate riziki, huku akiimba kanisani.

Alibanwa pande mbili. Baadhi ya wachungaji walichukizwa na makofi yake na jinsi alivyotikisa mwili akiimba. Wenye biashara ya muziki nao walitaka aimbe bluzi, na mume wake alimhimiza ageukie muziki wa kidunia. Hakukubali. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1941.

Mwaka 1947 alirekodi "Move On Up a Little Higher", ikanunuliwa kila kona ya Marekani. Mwaka 1950 aliimba Carnegie Hall, New York. Fedha zilikuja, naye hakuzionea haya: alidai alipwe taslimu, maana waimbaji Weusi walidhulumiwa mara nyingi. Ila vilabu vya pombe alivikataa.

Aliponunua nyumba katika mtaa wa Wazungu, madirisha yake yalipigwa risasi. Hakunyamaza. Tarehe 28 Agosti 1963 aliimba Washington kabla ya hotuba ya Martin Luther King, na mwaka 1968 akaimba katika maziko yake. Alifariki tarehe 27 Januari 1972.

Sisi tunaosoma falsafa tumezoea kutenganisha umbo na kiini. Mahalia alichukua umbo la muziki wa mtaani, lakini kiini hakukiuza. Hapo tunapata swali kwa kwaya zetu na kwa wito wetu pia: tunapobishana kuhusu ngoma, vinanda na kucheza, je, tumekwisha kuamua tunamwimbia nani? Mahalia aliamua mapema, na uamuzi huo ulimgharimu. Tumwombe Mungu atujalie uthabiti kama huo.